FLORENCE NIGHTINGALE NA UCHOVU WA WAUGUZI



Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Mei wauguzi duniani huadhimisha siku yao. Katika hospitali nyingi huvaa sare safi, huandamana, huwasha mishumaa na kukiri tena kiapo chao. Tarehe hiyo ni siku ya kuzaliwa kwa mwanamke mmoja Mwingereza, Florence Nightingale, ambaye picha yake akiwa ameshika taa hutundikwa ukutani katika vyuo vingi vya uuguzi. Wengi wetu tunamjua kwa taa hiyo tu. Safari hii tumeona vema tuyatazame maisha yake kwa upande usiosemwa sana, yaani uchovu wake mwenyewe, na uchovu wa wale aliofanya nao kazi. Sababu ya kufanya hivyo tutaieleza mwishoni.

Wito wake

Florence alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake walipokuwa safarini, na ndipo alipopata jina lake. Walikuwa watu wenye mali, wenye nyumba mbili kubwa huko Uingereza. Baba yake alimfundisha yeye na dada yake lugha, historia na hesabu, elimu ambayo wasichana wengi wa siku zile hawakuipata. Alibatizwa katika Kanisa la Uingereza, na tangu utoto alipenda kuwatembelea wagonjwa wa vijijini.

Tarehe 7 Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliona hakika moyoni kwamba Mungu amemwita katika utumishi. Hakuambiwa ni utumishi gani. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kuwa ni kuwauguza wagonjwa, na alipotambua, nyumbani kukawa na matata. Mwaka 1845 aliomba ruhusa kwenda kujifunza katika hospitali ya Salisbury, wazazi wakakataa kabisa. Tusiwahukumu haraka. Hospitali za wakati ule zilikuwa chafu, na wauguzi wengi walisemwa kuwa ni walevi na watu wasio na adabu. Mzazi yeyote angesita. Florence alingoja, akasoma taarifa za hospitali alfajiri kabla nyumba haijaamka, akakataa kuolewa na bwana mmoja ambaye alimpenda kweli. Hata mwaka 1851 alipata nafasi ya kukaa karibu miezi mitatu huko Kaiserswerth, Ujerumani, ambako Mchungaji Theodor Fliedner alikuwa na nyumba ya mashemasi wa kike waliohudumia wagonjwa. Mwaka 1853 akapewa usimamizi wa nyumba ndogo ya wagonjwa wanawake mjini London.

Kipindupindu, kisha vita

Mwaka uliofuata, 1854, kipindupindu kiliingia London. Ulikuwa ni ule ugonjwa uliokuwa ukizunguka dunia nzima, bara kwa bara, na mtaa wa Soho ulipigwa vibaya. Florence alijitolea kusaidia katika hospitali ya Middlesex, ambako wagonjwa maskini walikuwa wakiletwa usiku na mchana bila kukoma. Wakati huo watu walikuwa hawajajua kwa hakika kwamba kipindupindu huenezwa na maji machafu. Muuguzi aliyemshika mgonjwa hakujua kama kesho yeye mwenyewe atakuwa kitandani. Wale waliohudumu siku za maradhi ya kuambukiza wanaijua hofu hiyo. Hutoka nayo kazini, hurudi nayo nyumbani.

Hazikupita wiki nyingi, habari zikafika kutoka vita vya Krimea, ambako Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilipigana na Urusi. Gazeti la The Times liliandika kwamba askari majeruhi wa Kiingereza wanakufa kwa kukosa hata vitambaa vya kufungia vidonda. Bwana Sidney Herbert, aliyekuwa waziri serikalini na rafiki wa Florence, alimwandikia kumwomba aongoze wauguzi kwenda huko. Barua yake ilipishana njiani na barua ya Florence aliyekwisha kuamua kwenda. Tarehe 21 Oktoba 1854 akaondoka London na wauguzi 38: watawa wa Kiroma, masista wa Kianglikana, na wanawake wa kawaida kutoka hospitalini.

Hapo hapo Wakristo wakaanza kugombana. Wengine walinung'unika kwamba amechukua Waroma wengi mno, wengine kwamba amechukua masista wa Kianglikana wanaofanana na Waroma, na wengine walitaka kujua yeye mwenyewe ni wa upande gani. Husimuliwa kwamba padre mmoja alipoulizwa Bibi Nightingale ni wa dhehebu lipi, alijibu kuwa ni wa dhehebu lile dogo sana la Msamaria Mwema.

Majira ya baridi kule Scutari

Walifika Scutari, ng'ambo ya Constantinople, tarehe 4 Novemba 1854. Hospitali yao ilikuwa kambi kubwa ya askari iliyogeuzwa kuwa wodi. Chini ya jengo mlikuwa na mifereji ya maji machafu iliyoziba, na harufu yake ilipanda mpaka wodini. Panya na chawa walikuwa wengi. Vitanda vilipangwa katika korido ndefu mno, hata ikasemekana kwamba vikiunganishwa vitafika maili 4. Wauguzi walipewa vyumba vichache tu, wakabanana humo wote, kulala na kula.

Madaktari wa jeshi hawakuwataka. Florence akaamua kwamba hakuna muuguzi atakayemgusa mgonjwa mpaka daktari aombe. Wauguzi walikaa wakishona mito na vitambaa, huku wakisikia vilio vya wagonjwa upande wa pili wa ukuta. Sisi tunadhani hilo nalo lilikuwa jaribu kubwa, kuwa na mikono iliyo tayari na kukatazwa kuitumia. Lakini siku chache baadaye majeruhi wa vita vya Inkerman wakamiminika, kisha wagonjwa wa kipindupindu, wa kuhara damu na wa homa, mpaka madaktari wenyewe wakaja kuomba msaada.

Alinunua mashuka, mashati, sabuni na vyombo kwa fedha zilizochangwa na wasomaji wa The Times. Alikodi nyumba, akatia masufuria makubwa ya kuchemshia maji, akawaajiri wake za askari kufua nguo. Waliokuwapo waliandika kwamba ziko siku ambazo alisimama kwa miguu saa 20 bila kuketi. Usiku, wauguzi wengine walipokuwa wamekatazwa kuingia wodini, yeye alipita vitanda kwa vitanda akiwa na taa. Wachoraji wamempa taa za kila namna, lakini iliyotumika kule ilikuwa fanusi ya Kituruki, yenye kukunjika, na Waturuki waliiita kwa jina lile lile tunaloliita sisi Waswahili. Akirudi chumbani hakulala. Alikaa kuandika barua kwa wake na mama wa askari waliofariki, kuwaeleza jinsi walivyofariki na kuwapelekea akiba ndogo waliyoacha.

Wauguzi wake je? Wengine walivunjika moyo na kurudishwa nyumbani. Wengine walianza kunywa pombe, wengine waligombana kwa mambo madogo, wengine waliugua. Baadhi yao walifariki kwa homa na kwa kipindupindu, wakazikwa ugenini. Zamani tulipozisoma habari hizi tuliwaona wale waliogombana na kulewa kuwa ni watu dhaifu. Sasa tunajiuliza ni nani kati yetu angeweza kukaa kule majira yote ya baridi na kutoka akiwa mtu yule yule. Mtu aliyechoka kupita kiasi husema maneno ambayo si yake.

Na lipo jambo la kusikitisha zaidi. Pamoja na kazi hiyo yote, vifo havikupungua, vilizidi. Mwezi Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100 waliotibiwa pale, 42 walikufa. Majira yale ya baridi peke yake zaidi ya askari 4,000 walifariki Scutari, wengi wao kwa maradhi, wala si kwa risasi. Mwezi Machi tume ya wataalamu wa usafi iliyotumwa na serikali ilifika. Wakazibua mifereji, wakatoa mzoga wa farasi uliokuwa umeziba njia ya maji ya hospitali, wakafungua madirisha na kupaka kuta chokaa. Hata ilipofika Juni, waliokufa walikuwa kama 2 tu katika kila 100.

Mwezi Mei 1855 Florence alivuka Bahari Nyeusi kwenda kukagua hospitali za Krimea, na huko Balaklava homa ikamwangusha. Kwa muda wa siku nyingi ilidhaniwa kwamba atakufa. Nywele zake zilikatwa. Alipopata nafuu, rafiki zake walimsihi arudi Uingereza, akakataa. Alibaki mpaka vita vikaisha mwaka 1856, akarejea nyumbani kimya kimya kwa jina la Bibi Smith, kwa kuwa hakutaka mapokezi wala bendi.

Baada ya vita

Hadithi nyingi humalizia hapo, shujaa amerudi. Lakini alikuwa na miaka 36 tu, na aliishi miaka 54 zaidi. Aliporudi hakuweza kula vizuri wala kulala. Mawazo ya wale askari waliokufa hayakumtoka. Alikaa na Bwana William Farr, mtaalamu wa takwimu, wakapiga hesabu za vifo vyote, na hesabu ile ikamwonyesha jambo zito: wengi wa wale aliowauguza waliuawa na uchafu wa jengo lenyewe. Upendo wake, taa yake na kukesha kwake havikuweza kushinda mfereji ulioziba. Tunafikiri hili lilikuwa pigo kubwa kwake kuliko homa ya Balaklava. Mwaka 1857 alianguka kabisa, na kuanzia hapo aliishi miaka mingi kitandani au chumbani, mwenye maumivu, asiyependa kuonana na watu wengi. Madaktari wengi wa siku hizi hudhani kwamba ile homa ya Krimea iliendelea mwilini mwake. Uchovu wa nafsi nao bila shaka ulikuwamo.

Kitandani hapo alifanya kazi kuliko watu wengi wenye afya. Aliandika juu ya hospitali, juu ya uuguzi, juu ya afya ya askari. Alichora michoro ya takwimu iliyowaonyesha wakubwa wa serikali, kwa jicho tu, jinsi maradhi yalivyoua kuliko silaha. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika Chama cha Takwimu cha Uingereza.

Tusimfanye malaika. Aliwatumikisha wenzake kama alivyojitumikisha mwenyewe. Sidney Herbert, rafiki yake mwaminifu, alikuwa mgonjwa wa figo, naye Florence alimsukuma aendelee na kazi ya kulitengeneza jeshi, asiamini kwamba kweli hana nguvu tena. Bwana huyo alifariki Agosti 1861. Florence alilia sana. Mtu asiyejihurumia, mara nyingi huwa mgumu kuwahurumia wengine.

Agnes Jones

Mwaka 1860, kwa fedha walizochanga Waingereza kumshukuru, Florence alifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Miongoni mwa waliosomea hapo alikuwamo msichana mcha Mungu aliyelelewa Ireland, jina lake Agnes Jones. Mwaka 1865 Agnes alipelekwa Liverpool pamoja na wauguzi 12 kutunza hospitali ya nyumba ya maskini. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 1,000, wengi wao wakiwa hawana kitu wala mtu. Agnes aliamka mapema na kulala usiku sana, alisimamia wodi, jiko, nguo, ugomvi, na juu ya hayo alifundisha Biblia. Ikaja homa ya taifasi. Agnes aliyekuwa amekwisha choka hakuwa na nguvu za kupambana nayo, akafariki Februari 1868, akiwa na umri wa miaka 35.

Florence alimpenda sana Agnes. Aliandika habari zake ili wasichana wengine waitwe kuchukua nafasi yake. Lakini tukitazama jinsi alivyowatunza wanafunzi wake katika miaka iliyofuata, tunaona mtu aliyejifunza kwa machozi. Katika shule yake kila mwanafunzi alikuwa na chumba chake cha kulala, jambo ambalo lilikuwa geni, na sebule ya kupumzikia pamoja. Alidai wapewe chakula cha kutosha na likizo. Tangu mwaka 1872 aliwaandikia barua ndefu kama mama. Aliwaalika nyumbani kwake kunywa chai mmoja mmoja, akiwauliza wanakula nini, wanalala vipi, msimamizi wao ni mtu wa namna gani. Aliwapelekea matunda na maua, na aliposikia kuwa mmoja amechoka alimkaribisha aje alale kwake apumzike. Na katika kitabu chake cha uuguzi, kilichotoka mara ya kwanza miaka ya 1859 na 1860, alikuwa amekwisha kuweka fundisho moja ambalo kila kiongozi alihitaji kulisoma. Alieleza kuwa mwenye usimamizi mwema hupanga mambo hata yakaenda sawa yeye asipokuwapo. Anayejisifu kwamba akiondoka kila kitu kitaharibika, huyo hajapanga kazi yake.

Florence Nightingale alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe kwa heshima za taifa huko Westminster, akazikwa na wazazi wake katika kanisa dogo la kijiji cha East Wellow. Juu ya kaburi, kwa ajili yake, ziko herufi mbili tu za jina lake na tarehe.

Kwa nini tumeyaandika haya

Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa 200 tangu azaliwe, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutenga uwe mwaka wa wauguzi na wakunga. Ndio mwaka ule ule ulioleta ugonjwa wa korona. Wauguzi waliotazamia sherehe walipata barakoa. Katika parokia zetu tulio na manesi tuliyaona wenyewe. Walifanya kazi zamu juu ya zamu. Waliporudi nyumbani walivua viatu nje, wakaogopa kuwabeba watoto wao. Nasi tuliokuwa tukiwaombea kwa maneno, tukiri kwamba wako kati yetu waliowapisha njia, waliosogea mbali nao katika benchi, na wenye nyumba walionung'unika kupangisha muuguzi. Wengine mpaka leo hawajapona uchovu ule. Huenda wakaonekana wakali dirishani pa dawa, au kimya baada ya ibada, au hawaonekani kanisani kabisa, nasi tukasema wamepoa kiroho.

Maisha ya Bibi Nightingale yanatufundisha tusiseme hivyo haraka. Uchovu wa muuguzi hautokani na upungufu wa imani. Imani Agnes Jones alikuwa nayo tele. Mara nyingi ni mfereji ulioziba mahali fulani: wafanyakazi wachache, wagonjwa wengi, glavu zimekwisha, mshahara umechelewa, na hakuna mkubwa wa kusikiliza. Kumwambia mtu kama huyo ajikaze ni kuwasha taa bila kuzibua mfereji. Wale kati yetu walio katika kamati na bodi za hospitali na zahanati, hasa zile za Kanisa letu, waulize kwanza juu ya zamu, chumba cha kupumzikia na chakula cha usiku cha wauguzi, kabla ya kuuliza juu ya rangi ya jengo.

Tunakumbuka pia habari za nabii Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alipochoka hata akatamani kufa chini ya mretemu, Mungu hakumpa mahubiri wala karipio. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Kazi ilikuja baadaye, na katika kazi hiyo akapewa Elisha awe mwenzake.

Basi, katika kila mtaa wa parokia yetu yuko muuguzi. Akina mama wanaweza kumpikia siku anayotoka zamu ya usiku. Vijana wanaweza kumchotea maji, au kunyamazisha redio jirani anapolala mchana. Wazee wa kanisa wanaweza kumtembelea bila kumwuliza kwa nini hakuja Jumapili. Nasi tukilazwa, tuwajibu kwa upole. Hayo ni mambo madogo, lakini mkate wa Eliya nao ulikuwa mmoja tu, uliookwa juu ya makaa.

Ee Bwana, uliyemwita mtumishi wako Florence, uwape pumziko wauguzi waliochoka, uwapokee waliofariki wakiwahudumia wengine, na utupe sisi macho ya kuona mzigo wao na mikono ya kuusaidia. Amina.